Malalamiko Dhidi ya Orodha Iliyompa Clovis Chungu cha Mama

Bi. Lurline Fontenette
Kata ya Saba, New Orleans
Jumatano, 8 Mei

Kwa Mhariri wa Orodha ya Miji,
Jarida la Meza Njema

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umeketi. Mimi si mzima sana, na kosa ni lako, lakini kwanza tusalimiane kama watu waliolelewa. Hujambo? Mama yako hajambo? Na wote waliomo nyumbani? Vizuri. Sasa tuje kwenye ugomvi.

Nina umri wa miaka sitini na minane. Nimepika katika jiko la shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Katika watoto niliowalisha, wawili leo ni madiwani na mmoja yuko jela, na wote watatu kila wakiniona huuliza kama kuna mkate wa mahindi uliobaki. Nayasema haya ili ujue kwamba unayeandikiana naye si mtu wa kubahatisha mambo ya chakula.

Toleo lako la Aprili lina orodha ya miji ya Marekani yenye mikahawa bora. Wa kwanza Houston. Wa pili New York. Wa tatu Portland. Wa nne New Orleans. Nilipoona hivyo nilidhani ukurasa umechapwa juu chini, nikaligeuza jarida. Nikakuta tangazo la magodoro.

Ndugu Mhariri, mtu mwingine angetukana, akalala, akasahau. Mimi siwezi, kwa sababu orodha yako inaninyang'anya chungu cha mama yangu. Jumamosi hii mdogo wangu Clovis anakuja kutoka Houston kukichukua. Nakuomba unisikilize.

Ni chungu cha chuma, cheusi, kizito kama dhambi ya zamani. Bibi alipikia humo, mama akapikia humo, na mimi Jumatatu zote hupika humo maharage mekundu. Ilipokuja ile tufani ya mwaka 2005, maji yalifika kwenye dari ya jiko la mama. Friji tuliikuta sebuleni imelala chali. Meza tuliikuta kwa jirani. Chungu tulikikuta palepale kilipoachwa, kimejaa tope hadi pomoni, wala hakikusogea hata inchi moja. Nilikisugua kwa chumvi na mafuta siku tisa. Katika siku hizo hizo tisa, Clovis alikuwa amepandishwa basi la kwenda Houston akiwa na mashati mawili. Aliniambia kwa simu atarudi wiki ijayo. Wiki hiyo bado haijafika.

Sasa nikueleze jinsi chungu kilivyoingia hatarini. Mwaka jana, Siku ya Watakatifu Wote, tulikuwa tunapaka chokaa kaburi la mama. Clovis huja kila mwaka siku hiyo, asubuhi, na jioni anaondoka. Alikuwa ameshika brashi, mimi nimeshika ndoo, na wala sikumchokoza. Akasema mwenyewe tu:

"Dada, siku hizi Houston ndiyo inayokula. Ninyi huku mmebaki na sifa."

Nikamwambia, "Sema tena, mama hajakusikia vizuri."

"Mama angekuwa hai ningempeleka kwa wale Wavietnamu wa karibu na kwangu, akale kamba wa matopeni waliopikwa kwa siagi na kitunguu saumu. Angehamia!"

"Mama ahamie Houston? Maji yalishindwa kumhamisha, atahamishwa na kitunguu saumu?"

"Haya, tuwekeane dau basi, kama unajiamini."

Jirani yetu Octave alikuwa pembeni anapaka kaburi la marehemu mkewe. Octave hajawahi kupita penye ugomvi bila kuupatia kiti. Akasema, "Andikeni, jamani, kesho mtu asije akaruka maneno yake." Tukaandika nyuma ya pakiti ya mishumaa. Orodha ya Meza Njema ikitoka, mji wa Clovis ukiwa juu ya wangu, anachukua chungu. Mji wangu ukiwa juu ya wake, Clovis anakuja kukaa hapa nyumbani mwezi mzima wa Desemba, analala katika chumba chake cha zamani. Tukatia sahihi. Octave akashuhudia, kidole chake kikaacha chokaa kwenye karatasi.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na ni kosa ambalo mtu wa mji mwingine hawezi kulifanya. Mtu wa Cleveland angefikiri kwanza. Lakini mzaliwa wa New Orleans ukimuuliza kama mji wake una chakula bora, ni sawa na kumuuliza kama maji yanalowesha. Niliweka chungu cha mama bila hata kusita. Nilikwisha nunua shuka mpya za Desemba.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu, kwa namba, ili usiseme hukuyaona.

1. Majaji wako walikuja mwezi Agosti. Ndugu Mhariri, Agosti hapa hata mbwa hawabweki, wanakutazama tu. Wapishi wengi wazuri hufunga milango wakaenda kupumzika kwa dada zao. Kuja kupima chakula chetu mwezi wa Agosti ni kama kwenda kumsikiliza mchungaji siku ya Jumanne, halafu ukaandika gazetini kwamba kanisa lilikuwa tupu.

2. Walikula mahali penye vitambaa vya meza tu. Nimesoma orodha yote, hakuna hata kituo kimoja cha mafuta! Karibu na kwangu kuna kituo cha mafuta ambacho mwanamke mmoja anakaanga kuku nyuma ya friji ya barafu, na watu husimama foleni hadi barabarani bila kuwa na gari. Octave amekwenda pale miaka kumi na nne na hajui bei ya petroli.

3. Ukurasa wa thelathini na sita, jaji wako amesifu gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa unga uliokaangwa, eti imetiwa nyanya. Sitaongeza neno.

4. Nimeambiwa Houston imepata alama nyingi kwa sababu ya "wingi wa aina", yaani ina vyakula vya mataifa sabini. Hongera zao. Lakini kwa hesabu hiyo mkahawa bora kuliko yote nchini ni uwanja wa ndege. Mama yangu alikuwa na aina saba tu za chakula, moja kwa kila siku ya wiki, na sijawahi kusikia mtu akinyanyuka mezani kwake akiulizia ya nane.

5. Lalamiko hili nimelifuta. Octave alilisoma akasema, "Lurline, hili siyo lalamiko, hili ni tusi, tena la kuhusu mama za watu." Nimekubali. Linahusu Portland.

6. Jaji wako ameandika kwamba wahudumu wetu "wanazungumza mno". Ndugu yangu, hiyo ndiyo huduma yenyewe. Utakula vipi mahali ambapo mtu hajui mguu wako unauma upande gani? Mwaka juzi nilikwenda Houston kumtembelea Clovis, tukala katika mkahawa mmoja mkubwa wenye taa za kuning'inia. Kijana aliyetuhudumia alituletea chakula, akatabasamu, akaondoka. Nikamuuliza Clovis, "Tumemkosea nini?"

7. Hili sasa ndilo zito, nakuomba usimamishe kazi nyingine.

Ukurasa wa arobaini na moja umesifu mkahawa mdogo wa Houston wenye meza sita. Jaji wako ameandika hivi: "Nilipoonja gumbo ya hapa niliweka kijiko chini, nikatoka nje, nikampigia mama yangu simu." Mwisho wa ukurasa amesema ni bakuli hilo hasa lililoipandisha Houston ikawa ya kwanza, vinginevyo ingekuwa ya tano.

Ndugu Mhariri, mkahawa huo ni wa Clovis! Mdogo wangu! Meza zile sita nimezifuta kwa mkono wangu. Mapishi yale ni ya mama, na mama alipewa na bibi, na wote wawili wamelala hapa, nilipowapaka chokaa. Mmetuchapa kwa fimbo tuliyoichonga wenyewe.

Nilimpigia Clovis siku hiyo hiyo. Akapokea anacheka.

"Umeliona jarida, dada?"

"Nimeliona. Umeshinda kwa gumbo ya mama."

"Imepikwa Houston, kwa maji ya Houston."

"Na wewe je, umepikwa wapi?"

Akaacha kucheka. Halafu akasema, "Dada, sahihi ni sahihi. Jumamosi ya tarehe kumi na moja nakuja na gari." Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda, lakini sikuwa na nafasi ya kumhurumia, nilikuwa nimekasirika hadi nikamwagilia ua la plastiki.

8. Kutokana na namba saba, yafuatayo ni dhahiri hata kwa mtoto. Gumbo ile ni ya New Orleans. Kwa hiyo alama za gumbo ile ni za New Orleans. Clovis naye ni wa New Orleans, kwa kuwa hajawahi kuaga. Aliyetoka bila kuaga hajatoka, yuko uani. Kwa hiyo mkahawa wake uko New Orleans, ila umewekwa mbali. Kwa hiyo Houston irudi namba tano ilikostahili, sisi tuwe wa kwanza, na chungu kibaki jikoni.

Nimemsomea Octave hoja hii. Amesema, "Mahakamani ungeshinda, ila usimwache hakimu aulize swali."

Basi, Ndugu Mhariri, ninaomba mambo machache tu.

Ninaomba orodha irekebishwe kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi. Nimesikia siku hizi mambo hubadilishwa kwenye kompyuta kwa dakika moja.

Kama hilo ni gumu, basi tangaza kwamba Houston imeondolewa kwa kuwa si mji, ni barabara pana ambayo watu wamejenga kandokando yake wakisubiri foleni ya magari iishe. Hakuna atakayebisha. Clovis mwenyewe alinieleza hivyo mwaka wa kwanza.

Kama nalo ni gumu, tangaza kwamba orodha ya mwaka huu ilikuwa ya majaribio.

Na kama yote yamekushinda, niletee jaji mmoja hapa Jumatatu. Simchagui, mwenye afya yoyote. Nitamketisha jikoni, nitampa maharage mekundu na wali na kipande cha soseji, halafu nitamwuliza swali moja: namba ngapi? Hii si rushwa. Rushwa ni kumpa mtu asichostahili, na kila mtu anastahili kula Jumatatu.

Nikuambie ukweli, kwa kuwa naona tumeshazoeana. Nikikaa peke yangu siogopi sana hilo la namba nne. Miji imewahi kutusema mabaya kuliko hayo, na bado watu wake wakija hapa wanafungua mkanda wa suruali. Ninachoogopa ni jiko lisilo na chungu kile. Nikikikoroga nasikia mama yuko nyuma yangu anasema moto ni mkubwa mno. Kikienda Houston, sauti hiyo itakwenda nacho, na Clovis hatakuwa na sababu hata moja ya kurudi hapa isipokuwa kaburi. Naye ni mdogo wangu wa pekee. Nimemlea mimi, mama alipokuwa zamu ya asubuhi hotelini. Sitaki aje nyumbani kupaka chokaa tu.

Nakushukuru kwa uvumilivu wako. Wasalimie majaji wote, hata yule wa nyanya. Mwambie simchukii, namwombea. Msalimie mama yako. Octave anakusalimu na anauliza kama mnahitaji jaji mwenye meno yake mwenyewe.

Wako mwenye haki na mwenye huzuni, ambaye hata hivyo angekukaribisha chakula ukipita,

Lurline Fontenette (Bi.)

N.B. Leo ni Jumapili. Barua hii haikuondoka, kwa kuwa stempu niliyokuwa nayo Octave aliibandika kwenye fomu ya bahati nasibu. Nimeifungua tena kwa kisu ili niongeze machache, tafadhali yasome kabla hujagusa kitu.

Clovis alifika jana pamoja na mkewe Marisela. Walikuja na nyama ya kidari iliyokaa katika moshi wa kuni usiku kucha, wameifunga kwa karatasi. Niliwaambia waiweke tu hapo pembeni. Clovis hakukitazama chungu. Akavuta kiti.

"Dada, kaa chini."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni habari ya ile gumbo."

"Gumbo ya mama."

"Sikiliza basi. Siku ile jaji alipokuja sikujua kama ni jaji. Alikuwa mtu mwembamba tu, ana mwavuli. Na asubuhi ile nilikuwa nimeunguza unga kwenye mafuta, sufuria zima, la kutupa. Nilikuwa nimezubaa kwenye simu."

"Simu na nani saa za kazi?"

"Na wewe, dada. Ulikuwa unanieleza habari za Octave na nyoka bafuni. Dakika hamsini."

Marisela akaingilia: "Mimi ndiye niliyemwambia, wifi. Nilimwambia, toa ile ndoo ya wifi kwenye friza, tutaaibika."

Ndugu Mhariri, kila Julai ninampelekea Clovis ndoo ya aiskrimu iliyojaa gumbo yangu iliyogandishwa, kwa siku yake ya kuzaliwa. Dereva wa basi ananijua. Ndoo hiyo ndiyo waliyoipasha moto. Hilo ndilo bakuli lililomtoa jaji wako nje kumpigia mama yake simu. Houston imeshinda kwa mkono wangu, na unga wa Clovis uliungua kwa mdomo wangu.

Nilikaa kimya, jambo ambalo Octave, aliyekuwa amesimama dirishani kwa bahati mbaya, anasema hakuwahi kulishuhudia.

Nikauliza, "Aliimaliza?"

"Alilifuta bakuli kwa mkate."

"Akaomba nyingine?"

"Mara mbili."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakusihi, usiguse orodha hiyo! Yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi namba nane yachane. Ukiishusha Houston hata hatua moja utakuwa umetangaza mbele ya taifa zima kwamba gumbo yangu haikustahili, na hapo ndipo nitakapokuandikia barua ya kweli. Mwakani ukipenda ichape Houston kwa herufi kubwa zaidi. Na ile nyama ya kidari, kwa kuwa hapa tuko wawili tu, niliionja nikiwa nimesimama, na nilipoketi ilikuwa imekwisha.

Clovis alikataa kukichukua chungu. Alisema ameshinda kwa wizi. Nikamwambia ahadi ni deni, na mimi sitaki mwanamume anayesoma sahihi yake akaikana. Akakibeba hadi kwenye gari, Marisela akakipakata mapajani. Niliwapungia mkono kutoka barazani, na nililia kidogo, sikufichi.

Walipofika Lake Charles, katikati ya njia, akapiga simu.

"Dada, kifuniko kiko wapi?"

Nikamwambia asome pakiti ya mishumaa. Imeandikwa chungu.

"Dada Lurline!"

"Imeandikwa chungu, Clovis. Octave alishuhudia."

Anakuja Ijumaa tubishane. Amesema huenda ubishi ukachukua siku kadhaa. Zile shuka nimezitandika.